Je, daktari wa watoto anaweza pia kuwa mtafiti wa sarkoma?

Mzazi wa Masasi:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), naye amekusudia kusomea udaktari ili baadaye atafute tiba bora za sarkoma, yaani saratani za mifupa na misuli, kwa watoto. Nia hiyo ilimwingia baada ya mtoto wa jirani yetu kukatwa mguu. Naomba kujua njia yake ikoje, na kama itambidi aiache wodi ili aingie maabara.

Daktari wa Watoto, Mtwara:
Shikamoo mzee wangu. Asiiache wodi, maana humo ndimo maswali yanamozaliwa. Atasoma shahada ya udaktari miaka 5, afanye mafunzo ya vitendo mwaka 1, kisha ubingwa wa watoto miaka 3. Baada ya hapo ndipo huja ubobezi wa saratani za watoto na, kwa anayetaka utafiti hasa, shahada ya uzamivu.

Achukue mfano wa rabdomiosarkoma, saratani ya misuli. Ilikuwa desturi dawa kusimamishwa uvimbe ukishatoweka, lakini baadhi ya watoto ugonjwa uliwarudia. Madaktari wa Ulaya wakauliza swali jepesi: je, tukiendelea na dozi ndogo kwa miezi 6 zaidi? Wakatumia dawa mbili za saratani: vinorelbini ya sindano na saiklofosfamidi ya kunywa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba, baada ya miaka 5, asilimia 86.5 ya walioendelezewa dawa walikuwa hai, ilhali kwa walioachishwa ni asilimia 73.7. Hapakuwa na dawa mpya hata moja. Vinorelbini yenyewe asili yake ni lile ua dogo la rangi ya waridi kutoka Madagaska ambalo wengi wetu tunalo uani. Mimi huo nauita utafiti wa kujivunia.

Muuguzi, Newala:
Naunga mkono, ila naomba binti asitazame dawa peke yake. Huku kwetu mtoto hulia goti usiku, akaambiwa aliumia mpirani, akakandwa wiki hadi wiki, na anapofika hospitali uvimbe umeshasambaa mapafuni. Hata kinyama kinachokatwa kwa ajili ya vipimo huharibika kikibanwa kwenye kichupa kidogo, kwa kuwa formalini, yaani dawa ya kukihifadhia, inatakiwa iwe takribani mara 10 ya ujazo wake. Kuchunguza ni wapi siku za mgonjwa zinapotelea, na namna ya kuziokoa, nako ni sayansi, tena inaweza kufanyika hapahapa Kusini.

Mzazi wa Masasi:
Nashukuru sana. Daktari, anaomba kuja kujifunza kwako kabla ya chuo kufunguliwa.

Daktari wa Watoto, Mtwara:
Aandike barua kwa mganga mfawidhi, nami nitamsemea. Tutamwanzishia kliniki ya watoto, asikilize jinsi akina mama wanavyoeleza uvimbe ulivyoanza.