Karatasi tupu yenye saini ya Dalí: chapa zake tuzikubali?

Mleta mada: Wakuu, mwaka 1974 forodha ya Ufaransa ilikamata lori mpakani na Andorra, kinchi kidogo kati ya Ufaransa na Hispania, likiwa na shehena ya karatasi 40,000 tupu, zote zimesainiwa na mchoraji Mhispania Salvador Dalí. Picha hakuna, jina lipo. Mwenye mashine angechapa juu yake chochote na kukiuza kama litografia ya Dalí, yaani chapa ya picha ambayo msanii huichora kwenye jiwe kisha ikachapwa kwenye karatasi. Mimi nasema chapa ya hivyo si kazi yake, hata kama saini ni ya mkono wake.

Na ufundi aliujua, tena sana. Kwa toleo la riwaya ya Don Quichotte la mchapishaji Joseph Foret, lililotoka 1957, alijaza wino kwenye risasi, akalilenga jiwe la litografia kwa bunduki ya kizamani, akafyatua. Wino ukatapakaa juu ya jiwe, naye akaanza kuchora kwa kuyafuata yale madoa. Pale huhitaji saini ili umwamini.

Jibu: Unamhukumu kama muuza duka. Kabla hata ya usurealisti, ule mkondo wa sanaa za kindoto wa kina Dalí, msanii Duchamp alipeleka beseni la kukojolea kwenye maonyesho, 1917, akalisaini R. Mutt. Leo linafundishwa vyuoni. Dalí naye katania, basi.

Jibu: Mimi nawalaumu wapambe wa Dalí. Mzee mgonjwa, mikono inatetemeka, anasogezewa karatasi asaini tu.

Mleta mada: Mkuu, kutetemeka kulianza mwaka 1980 hivi. Lori lilikamatwa akiwa na miaka 70 hivi, mwaka uleule aliofungua jumba lake la makumbusho kule Figueres, Hispania. Wapambe walikula, sikatai, ila kalamu aliishika mwenyewe.

Na Duchamp hakumficha mtu kwamba lile ni beseni. Waandaaji walilikataa kwa sababu hiyo hiyo. Mnunuzi wa chapa anaona saini ya penseli chini, anaona 37/200 pembeni, yaani nakala ya 37 kati ya 200, anaamini zimechapwa 200 basi, na msanii kazikagua. Utani anaoulipia mtu bila kujua kuwa ni utani una jina lingine.

Jibu: Sasa mwenye nayo ukutani aichome?

Mleta mada: Ya nini? Kama anaipenda, ibaki. Akitaka kuiuza ndipo aulizwe ilichapwa wapi, lini, na nani aliyechora kwenye jiwe au sahani ya shaba. Akiwa hana la kujibu ila kuonyesha saini, mimi nitamlipa bei ya bango.