Tupeane uzoefu: kamera nyepesi na ya bei nafuu kwa anayepiga picha kwa kupenda tu

MtembeaUluguru

Wakuu, habari za Jumapili.

Uzi huu ni wa sisi tunaopiga picha kwa kupenda, siyo wa harusi wala paspoti. Mimi niko Morogoro, na raha yangu ni kupanda Uluguru hadi Morningside, nikiwa na nguvu naendelea juu. Kaka yangu anapiga picha za shughuli, huwa ananiazima Canon 5D Mark II yake ya zamani. Picha zake sina neno. Lakini bodi peke yake ni gramu 810, na ile lenzi ya zumu ya milimita 24-105 ni gramu 670. Weka na maji, weka na koti la mvua, mpaka ufike juu shingo imekakamaa, kamera imelala kwenye begi na picha zote umepiga kwa simu.

Bajeti ni laki sita, nikijibana sana laki nane. Tafadhali msiniletee zile orodha za "kamera kumi bora", nimezisoma mpaka basi. Namtaka aliyenunua kwa pesa yake, akatembea nayo, aseme imemfaa wapi na imemchosha wapi.

Fundi_wa_Shughuli

Mkuu, mimi kamera ndiyo inanilisha, kwa hiyo nisikilize ukijua naongea kama mtu wa kazi.

Watu wakisikia "nyepesi" mbio kwenye mirolesi, yaani zile zisizo na kioo ndani. Kuna DSLR ndogo, yaani zile zenye kioo ndani, ambazo wengi hawazitazami. Canon 100D ya 2013 ni gramu 407 ukiwa umeshaweka betri na kadi. Nikon D3500 ya 2018 bodi ni gramu 365 bila betri, na betri yake moja kwa vipimo vya kiwandani inatoa picha 1,550. Sony a6000, ambayo najua itatajwa hapa muda si mrefu, inatoa mia tatu na kitu. Wewe unalala mlimani, hiyo tofauti utaiona. Sisi huku umeme ukikatika mchana kutwa, D3500 ya kijana wangu inaendelea tu.

Halafu betri na chaja za Canon na Nikon za kawaida unazipata hata wilayani. Za hizo nyingine utaagiza, utasubiri, utaletewa feki.

Ukienda Nikon angalia herufi. Bodi za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani, ile inayoilenga picha itoke kali. Ile 50mm f/1.8D ya zamani, inayouzwa bei ya kutupa, itafunga vizuri na itapiga, ila fokasi utazungusha mwenyewe kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, hiyo ina mota yake ndani. Ya 35mm f/1.8G ina gramu 200, ukiivalisha D3500 unasahau kama umebeba kamera. Kwa Canon huna wasiwasi huo, mota ya EF iko kwenye lenzi yenyewe.

Na kama una mpango wa kutumia flashi za bei rahisi zinazowashwa na ile pini ya katikati, ujue Canon 250D pini hiyo haina. Flashi itakaa juu inakutazama tu.

Simu_Yatosha

Laki nane si uongeze kidogo uchukue simu ya maana? Zama hizi kamera za nini.

Fundi_wa_Shughuli

@Simu_Yatosha piga ndege aliye upande wa pili wa bwawa kwa simu yako, halafu ulete hapa tuone. Jua la mchana na chakula mezani, simu inatosha, hatubishani. Lakini jamaa kauliza kamera.

Wa_Chumbageni

Naongea kutoka Tanga, pwani, kwenye joto na unyevu. Ndugu mleta mada, utabishana bodi hii au ile, mimi nakwambia pesa yako itaponea au itafia kwenye lenzi.

Lenzi nyingi za mtumba zinazozunguka huku zina fangasi, na muuzaji anaweza asijue, au anajua. Ninavyokagua: navua vifuniko vyote viwili, nafungua tundu la lenzi mpaka mwisho, nawasha tochi ya simu nyuma yake, halafu natazama kwa mbele, siyo moja kwa moja bali kwa kuinamisha kidogo upande. Vumbi linaonekana vidoti vidoti, hilo halina shida, lenzi yoyote iliyotembea ina vumbi. Fangasi ni vijinyuzi vyeupe vinavyotawanyika kutoka sehemu moja, kama utando wa buibui, mara nyingi vinaanzia pembeni ya kioo. Ukiviona, rudisha. Usikubali "itafutika". Vikikaa muda mrefu vinakula rangi maalumu iliyopakwa kwenye kioo, hapo hata fundi akifungua na kusafisha alama inabaki.

Ukishanunua, usiifungie kamera kwenye begi lake la ngozi ndani ya kabati. Giza na unyevu ndiyo chakula cha fangasi. Mimi natumia dishi la plastiki lenye mfuniko unaobana, ndani naweka silika jeli, ile inayobadilika rangi ikishiba unyevu. Ikibadilika naikausha kwenye sufuria kwa moto mdogo, inarudi rangi yake, inaendelea. Mchele hapana. Unanyonya kidogo sana na unaacha ungaunga utakaoingia kwenye zumu.

Bodi yangu? Canon 1200D, na 50mm f/1.8 STM. Ile lenzi iliyokuja na kamera ikivutwa mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Hii f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Magharibi ufukweni Raskazone, wenzangu wanaanza kufunga mabegi, mimi ndiyo kwanza naanza.

MseeWaRongai

Sasa wakubwa, salamu kutoka Kenya. Fundi amenitaja kabla sijafika, haya basi, mimi ndiye wa a6000.

Kazi yangu ni tao, yaani mjini Nairobi, jioni narudi Rongai. Mkijua Rongai mnajua nganya: matatu zenye graffiti, taa za kila rangi, muziki hadi vioo vinatetemeka. Hizo ndizo napiga, usiku, nikiwa kwa foleni ya abiria kama mtu yeyote. Hapo ndipo nilijua kamera ndogo si starehe. Ukitoa DSLR na lenzi ndefu kwa steji, makanga anataka kujua ni ya gazeti gani, mwingine anataka pesa, na kuna yule wa tatu hasemi kitu, anaiangalia tu. a6000 ni gramu 344 na betri ndani. Inaingia mfuko wa jaketi.

Fundi hajadanganya, betri inaisha haraka. Nabeba tatu, na ziko ndogo. Nyingine ni kwamba bodi haina kitu cha kutuliza mtikisiko, kwa hivyo ukipiga polepole usiku lazima uegemee mlingoti. Ile lenzi ya 16-50 inayokuja nayo ni ndogo na ni sawa mchana, usiku inaleta chenga. Niliweka akiba nikachukua Sigma 30mm f/1.4, gramu 265, na hiyo ndiyo haitoki kwa bodi tena. Kamera yenyewe ilitoka 2014! Imezeeka, lakini kwa hivyo ndiyo bei imeshuka hadi sisi tukaifikia.

Bi_Mkunazini

Assalaam aleikum. Mie nipo Unguja, na kamera yangu nyote mtaicheka, maana lenzi yake haivuliki. Ni Sony RX100, ile ya mwanzo kabisa ya 2012. Gramu 240. Naitia kwenye mkoba pamoja na funguo na vipodozi.

Sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, huitwa ya inchi moja, ila kwa kipimo ni milimita 13.2 kwa 8.8. Si kubwa kama ya a6000, lakini si ya kuchezea. Na lenzi ikiwa pana inafunguka f/1.8.

Nawaambia faida yake kwangu. Nilikwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, wanaume wanapigana kwa migomba, wanawake pembeni wanaimba kuwakejeli. Wageni wenye makamera makubwa wamepanga mstari, na kila wanapoyanyanyua watu wanajua wanapigwa, wanajitengeneza. Mie nimesimama na kina mama, kijikamera changu kifuani, tunacheka pamoja. Mgomba ukapasuka kwenye mgongo wa kijana, maji yakaruka, na bibi mmoja mbele yangu kajifunika uso kwa kanga huku anachungulia kwa jicho moja. Hiyo picha nimeipata. Kisha nikamuonesha, nikamuomba ruhusa ya kubaki nayo, akataka apelekewe yake ya karatasi. Nimempelekea.

Ubaya wake sasa. Haina kidirisha cha kuchungulia, kwa hiyo jua likiwa la utosi kioo cha nyuma hukioni vizuri, unapiga kwa kukisia. Na lenzi inatoka na kuingia kila ukiwasha na kuzima, kwa hiyo upepo wa Paje ukiwa na mchanga usiifungue kabisa. Chembe ikikwama pale, gharama ya fundi inakaribia kununua nyingine.

Mgeni_Mwenyeji

Naweka kambi hapa. Nina swali dogo: mtandaoni nimeona kamera mpya kabisa, imeandikwa 4K na megapikseli 48, laki mbili tu, haina jina linalojulikana. Kuna aliyejaribu?

Fundi_wa_Shughuli

Kimbia. Sensa yake ni kadogo ka simu za zamani, hizo 48 zimetengenezwa kwa kuivuta picha. a6000 ina megapikseli 24, D3500 ina 24, na hakuna mteja wangu aliyewahi kuniuliza nyingine ziko wapi. Bora kamera ya kiwanda kinachojulikana yenye miaka kumi.

Mswahili_wa_Ruwi

Nipo Maskati, nyumbani ni Pemba. Huku na Dubai zinapita kamera nyingi zilizotumika Japani, na jamaa wengi wananiagiza niwachukulie. Neno langu ni moja: uliza lugha ya menyu kabla hujalipa. Sony nyingi zilizouzwa kwa soko la Japani zina Kijapani tu, hakuna pa kubadilisha. Kuna mtu atakwambia utazoea. Utazoea kupiga, ndiyo, lakini siku umegusa kitu na picha zinatoka za rangi ya ajabu, hujui pa kurudi.

Canon zina majina yao ya huko: ukiona imeandikwa Kiss X7 usishangae, ndiyo 100D aliyoitaja Fundi.

Mtu_wa_Duluti

Nimesoma wote, na nimeona kuna ukoo mzima mmeurukia. Mikro foo thadi (Micro Four Thirds).

Olympus na Panasonic walikubaliana mwaka 2008 kutumia mdomo mmoja wa lenzi, kwa hiyo lenzi ya Lumix inakaa kwenye Olympus na kinyume chake. Sensa ni milimita 17.3 kwa 13, ndogo kuliko ya a6000 au D3500, na hapo ndipo wanapoidharau. Lakini sensa ikipungua, lenzi nayo inapungua, na mleta mada kalalamikia uzito wa vyote viwili. Mirolesi ukiivalisha lenzi nzito umerudi ulikotoka.

Ninayo Olympus E-M10 Mark II ya 2015. Gramu 390 na betri. Lenzi ya ndege ni 40-150 ile ya plastiki, gramu 190! Inavuta sawa na 80-300 kwenye kamera ya kaka yako. Mfukoni upande wa pili naweka 45mm f/1.8 kwa ajili ya sura za watu, gramu 116. Jumla yote haifiki uzito wa bodi tupu ya 5D Mark II. Na ndani ya bodi sensa yenyewe inatulizwa mtikisiko, kwa hiyo lenzi yoyote, hata ya zamani, inafaidika. Asubuhi Ziwa Duluti, chini ya miti kabla jua halijaingia, nampiga mdiria ametulia kwenye tawi, mkono mtupu bila stendi, na manyoya yanahesabika.

Akiruka, basi. Fokasi yake kwa kitu kinachokwenda mbio ni dhaifu, nisikudanganye. Usiku pia inachenga mapema kuliko ya Msee wa Rongai. Na madukani ziko chache, itabidi uwinde. Olympus waliuza kitengo chao cha kamera, tangu 2021 kiko chini ya OM Digital Solutions, na lenzi zinaendelea kutoka.

MtembeaUluguru

Wakuu, mmenipa darasa. Bi Mkunazini, hiyo ya bibi na kanga nimeisoma mara mbili.

Nimeanza kuegemea kwa Mtu wa Duluti, kwa sababu mlimani ninachopiga hakikimbii: miti, ukungu, mabanda, kinyonga kwenye tawi. Nikikosa, naangukia 100D na 50mm. Nina safari ya Arusha mwisho wa mwezi. @Mtu_wa_Duluti kuna sehemu unayoamini huko?

Mtu_wa_Duluti

Kuna jamaa mmoja anauza yake na nimeiona, nitakupa namba pembeni. Lakini usije mikono mitupu. Njoo na memori kadi yako na betri ya simu iliyojaa kwa ajili ya tochi ya Wa Chumbageni. Piga ukuta mweupe au anga tupu kwa f/16, ukuze picha, vidoa vyote vya sensa vitajitokeza. Washa, zima, washa tena. Geuza kila gurudumu, bonyeza kila kitufe, ile raba ya mkononi ikague kama imeanza kubanduka. Betri ikiwa imevimba idai ipunguzwe kwenye bei, maana mpya utanunua.

Na usianze kutaja laki nane. Anza na tano na nusu, mimi nitakuwa nimesimama kando natingisha kichwa.