Naandika hadithi ya watoto wanaorudi Kilwa ya mwaka 1505: rafiki mmoja akigoma kurudi nyumbani, inakuwaje?

Mwalimu wa Zamu

Wakuu salaam. Nafundisha darasa la sita, na kila Ijumaa baada ya vipindi nawasomea watoto hadithi. Vitabu vilivyopo wamevimaliza, nikaanza kuwaandikia yangu, sura moja kwa wiki. Sura nikishaisoma siwezi tena kuibadilisha, wanakumbuka kila kitu.

Zuhura na Masanja wanasoma Kilwa Masoko. Masanja ni mtoto wa askari aliyehamishwa kutoka Shinyanga. Wamevuka na mashua kwenda Kilwa Kisiwani kwa ziara ya shule, Zuhura akaokota sarafu ya shaba pale Husuni Kubwa, gofu la kasri la zamani, ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Sarafu zile upande mmoja zina jina la sultani, na upande wa pili maneno yanayofuata kina hichohicho. Kila mmoja akisoma upande wake kwa wakati mmoja, wanasafiri. Zuhura yuko madrasa, anasoma bila shida. Masanja herufi hajui hata moja, amekaririshwa na Zuhura. Kwa hiyo wakinuniana, hakuna kurudi nyumbani.

Sasa wapo Julai 1505, na meli za Mreno Francisco de Almeida ziko njiani kuja kuuteka mji. Masanja anataka kuwaonya watu. Zuhura anasema ukigusa ya zamani wenyewe wanaweza wasizaliwe. Nimewaacha hapo wakigombana, Masanja kagoma. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, wakiuokoa mji usiwe gofu, Zuhura ataiokota wapi sarafu?" Kengele ikaniokoa. Ijumaa inakuja, nisaidieni.

Nati na Bolti

Huyo binti msimpoteze, mpelekeni masomo ya sayansi.

Mkuu, kusafiri kwenda mbele si hadithi. Mwaka 1971 Hafele na Keating walipanda ndege za abiria na saa za atomiki wakaizunguka dunia. Zikilinganishwa na saa za ardhini, zilipokwenda mashariki zilichelewa kama nanosekunde 59 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), yaani waliosafiri nazo walijikuta mbele kidogo, na zilipokwenda magharibi zikatangulia kama 273. Hata saa za setilaiti za GPS zingetangulia za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku kama hazirekebishwi, na ramani ya simu yako ingekuonyesha uko baharini. Kurudi nyuma ndiko ambako hakuna aliyekupima, kwa hiyo kanuni ni yako kuitunga.

Wengi huchagua kati ya mbili. Ya kwanza ni ya Mrusi, Igor Novikov: historia ni moja, na lolote utakalolifanya huko limo ndani yake tayari. Ya pili ni matawi, kila ukibadilisha jambo unazaliwa ulimwengu mwingine. Chukua ya kwanza. Kwenye matawi Masanja akipotea unamchukua wa tawi jingine, na hao watoto wako watakushtukia siku hiyohiyo.

Mzee wa Mashua

Mwalimu mwanangu, nimewatembeza wageni Kisiwani tangu ujana wangu. Kuonya nini? Vasco da Gama alishafika 1502 akamtisha mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, mpaka akatoa dhahabu ya kodi. Watu wa Kilwa walijua vizuri meli zile zinataka nini. Masanja wako akimbie sokoni apige kelele, halafu bibi mmoja muuza samaki amwambie, "Tunajua, mjukuu wangu. Umekula?" Almeida aliingia, Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa. Hakuna mtoto wa kulizuia hilo.

Usiwafiche ndani ya Gereza, ile ngome ya Kisiwani. Hilo mnaloliona leo ni la enzi za Waomani. Wareno walijenga ngome yao baada ya kuuteka mji, wakaondoka 1512. Wafiche Husuni Kubwa, wakati huo lilikuwa limeshahamwa. Na chakula je? Usiwape korosho, mihogo wala ugali wa mahindi, vyote asili yake ni Amerika. Wape wali, mtama, ndizi, samaki wa nazi.

Halafu kuokota vitu magofuni ni kosa. Wanafunzi wako wakija ziara watajaza mifuko! Zuhura arudi nayo, aikabidhi kwa watu wa Mambo ya Kale.

Mama Wawili

Mimi fizikia sijui, nina wavulana wawili. Tafadhali Masanja asilainike kwa hotuba ya Zuhura. Wangu wakigombana hakuna anayeomba msamaha. Wanakaa kimya, kisha mmoja anaanza kumega ndizi, anamsukumia mwenzake kipande bila kumwangalia. Imekwisha. Tena Masanja ana haki ya kukasirika, yeye ndiye mgeni siku zote, Kilwa ya leo na ya zamani.

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mzee. Mama Wawili, hilo la ugeni sikulitegemea, linaingia.

Naona hivi. Yule bibi muuza samaki anampa Masanja sarafu, kamaliza kuuza na anafunga vyombo akimbie. Masanja anaichomeka ufani Husuni Kubwa, palepale Zuhura atakapoiokota. Kwa hiyo kugoma kwake ndiko kulikowaleta, na kanuni ya Mrusi inasimama. Halafu ndizi, halafu wanasoma.

Nati na Bolti

Inasimama. Ila kwa muda huo sarafu ni moja na iko mahali pawili, moja kwa Zuhura na moja ukutani. Binti wa dawati la mbele atauliza.

Mwalimu wa Zamu

Namsubiri. Safari hii kengele nitaomba icheleweshwe.