Wakuu, 12.5% ya huku au "hadi 60%" ya kule? Ushauri wa makato kwenye poka ya mtandaoni

Garasa la Leicester (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu, na dada zetu pia.

Nipo Uingereza, Leicester, nafanya kazi ghalani zamu ya mchana. Usiku watoto wakishalala nacheza poka mtandaoni, Texas Hold'em, meza za watu sita, blaindi (dau la lazima kabla ya karata kugawiwa) senti 5 na 10 za dola. Sina mpango wa kuacha kazi. Karata nilijifunzia kijiweni Morogoro kwa arubastini, haya ya poka nimeyakuta huku.

Swali langu ni la makato. Tovuti ninayochezea sasa, niiite A, inakata reki (makato ya nyumba) ya 5% kwenye kila poti, yaani pesa zote zilizowekwa mezani, halafu kila wiki inanirudishia kijizawadi. Juzi nimefungua ile programu inayotunza kumbukumbu za mikono (raundi moja ya karata ni mkono mmoja) nikapiga hesabu ya miezi mitatu. Mikono 22,000. Reki niliyolipa, dola 176. Zawadi nilizorudishiwa, dola 22, ambayo ni 12.5%. Faida yangu mezani, kabla ya zawadi, dola 33.

Nilipoiona hiyo 176 nikakaa chini.

Sasa kuna tovuti B inatangaza marejesho ya reki "hadi 60%", pamoja na bonasi ya 100% kwa pesa ya kwanza utakayoweka, mpaka dola 600. Jamaa yangu wa ghalani anasema nikibaki A nimelala. Zote mbili zina leseni ya hapa. Naombeni ushauri wenye namba. Habari za kamari ni dhambi naomba tuziache, mama yangu ameshanikumbusha.

Kijana wa Tandika

Kamari ni dhambi.

Haya, endeleeni.

Mzee wa Turufu

Garasa, kwanza hongera kwa kuweka kumbukumbu. Wengi wanaokuja hapa kuuliza hawajui hata wamelipa nini.

Mzigo wote umebebwa na hilo neno "hadi". Ingia ukurasa wa zawadi wa B, shuka mpaka chini kwenye jedwali la ngazi. Nimetoka kulisoma sasa hivi. Ngazi ya 60% ni ya mtu anayelipa reki ya dola 2,000 kwa mwezi. Wewe 176 yako ukiigawa kwa mikono 22,000 unapata senti 0.8 kwa mkono. Kwa mwendo huo, dola 2,000 ni mikono 250,000. Kwa mwezi unacheza kama 7,300. Kwa hiyo miezi yako 34 itabidi uicheze ndani ya mmoja, na ghalani usiende.

Kwa kasi yako utakaa ngazi ya 20%. Na tarehe 1 ya kila mwezi pointi zinafutwa unaanza upya, kwa hiyo ukiugua wiki mbili unashuka.

Garasa la Leicester

Mzee, hata kama ni 20%, si bado ni kubwa kuliko 12.5%?

Mzee wa Turufu

Asilimia 20 ya nini? Duka likipandisha bei ya sukari halafu likakupunguzia kidogo, umepunguziwa? Tafuta mtu wa blaindi zako aliyecheza B, akupe reki yake kwa mikono 100.

Binti Pangani

Nipo. Naishi Manchester, nimecheza B mikono 61,000, blaindi hizo hizo za senti 5 na 10, meza za watu sita.

Wastani wangu wa reki kule ni blaindi kubwa 10.5 kwa kila mikono 100. Garasa wewe A unalipa ngapi? Senti 0.8 kwa mkono ni senti 80 kwa mikono 100, na blaindi yako kubwa ni senti 10, kwa hiyo ni 8. Tupige sasa:

A: 8 ukitoa 12.5% inabaki 7.
B: 10.5 ukitoa 20% inabaki 8.4.

Yenye zawadi kubwa ndiyo ghali.

Nilipoligundua hili nilichukia kweli, nikaanza kuchimba sababu. Ya kwanza ni hii. Tovuti nyingi zinafuata kanuni ya "hakuna flopu, hakuna makato": mkono ukiisha kabla karata za katikati hazijafunguliwa, hukatwi kitu. B wanaifuata nusu. Mtu akipandisha dau na mwingine akapandisha juu yake, poti hiyo wanaikata hata kama kila mtu katupa karata kabla ya flopu. Na mimi ni mtu wa kupandisha juu ya wenzangu! Sababu ya pili ni senti inayotolewa kwenye poti kubwa kuchangia jakpoti. Hiyo haihesabiwi kabisa kwenye marejesho.

Cha tatu kinachangia kidogo kwa blaindi zetu, lakini angalia kikomo. 5% ni 5% kila mahali, tofauti inakuja kwenye kiasi cha juu wanachoweza kukata poti moja. Kama kikomo ni dola 1, kinaguswa poti ikifika dola 20, na kwenye meza zetu hizo ni pale watu wawili wameingiza kila kitu. Poti ya dola 4 inakatwa senti 20 kikomo kiwepo kisiwepo. Ndiyo maana sisi wa chini tunaumia kuliko wakubwa.

Kijana wa Tandika

Dada umemaliza. Mimi nilikuja kucheka sasa nasoma.

Swali dogo: kwa huku Dar mtu akitumia VPN (programu ya kuficha uko nchi gani) akajiunga hizo A na B za Uingereza inakuwaje?

Mzee wa Turufu

Inakuwa hivi: utacheza vizuri, utashinda, utaomba kutoa pesa, watakuomba kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Akaunti inafungwa na pesa inaweza kubaki kwao, masharti uliyoyakubali bila kuyasoma yanawaruhusu. Usijaribu. Huko kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, angalia nani ana leseni yake.

Mwalimu Namba

Naongezea jambo ambalo halijaguswa. Garasa, ile dola 33 yako ni blaindi kubwa 1.5 kwa mikono 100. Usiiamini sana. Meza za watu sita zinayumba mno, mkengeuko wa kawaida (kipimo cha matokeo yanavyotawanyika) unazunguka kwenye blaindi 90 kwa mikono 100. Kwa mikono 22,000, kosa la kipimo ni kama blaindi 6 juu au chini. Inawezekana kabisa wewe ni mchezaji mzuri wa blaindi 7 aliyekula garasa miezi mitatu mfululizo. Inawezekana pia unapoteza 4 na karata zilikupendelea.

Reki haiyumbi namna hiyo. Mikono 22,000 inatosha kabisa kuijua. Ndiyo namba pekee kwenye mchezo huu unayoijua leo na kesho ukaikuta palepale, kwa hiyo tofauti ya 1.4 aliyoitoa Binti Pangani ina uzito kuliko faida yako yote uliyoandika.

Ukitaka kuiona kwa pesa: kabla ya makato unapata 9.5, yaani faida yako 1.5 ukijumlisha reki ya 8. Ukiwa A, baada ya kila kitu, zinabaki 2.5, ambazo ni dola 55 kwa mikono hiyo. Ukiwa B zinabaki 1.1, dola 24.

Shupaza Tupu

Mwalimu heshima, lakini hapo umechukulia kwamba wapinzani wa A na B ni wale wale. Mimi nacheza zote mbili. B usiku wa Ijumaa na Jumamosi kuna watu wametoka kwenye kubashiri mpira wanaingia na jozi ya mbili kama wana ree mbili mkononi. A kumejaa vijana wenye meza nane kila mmoja, hawacheki, wanasubiri tu. Tofauti ya blaindi 1.4 naifidia kwa mlevi mmoja.

Binti Pangani

Hilo kweli, silikatai, ndiyo maana bado nina akaunti B. Ila Jumatatu mpaka Alhamisi mlevi wako hayupo.

Mkongwe wa Meza

Nyie vijana mna bahati mnagombania asilimia tu.

Nilianza enzi za tovuti ya Full Tilt. Pale marejesho yalikuwa 27% safi, hakuna ngazi wala vijisanduku vya zawadi vya kufungua, unalipwa kwa reki yako. Tukaona pepo ni hii. Tarehe 15 Aprili 2011 Marekani ikafunga tovuti zao, ikaja kujulikana kwamba pesa za wachezaji hazikuwa zimetengwa na za kampuni. Sisi wa nje ya Marekani tulizipata Novemba 2012 baada ya tovuti nyingine, PokerStars, kuichukua Full Tilt. Wamarekani walianza kulipwa 2014. Ile 27% yangu ilikuwa 27% ya pesa iliyokaa kizuizini.

Kwa hiyo kabla ya zawadi, fungua masharti ya A na ya B utafute kifungu cha ulinzi wa pesa za wateja. Wenye leseni ya Uingereza lazima waeleze kampuni ikifilisika pesa yako italindwa kwa kiwango gani. Kama ni kiwango cha chini, weka ya kuchezea tu, nyingine itoe.

Na zawadi zenyewe hubadilishwa wakiamua. PokerStars walikuwa na ngazi ya juu kabisa, Supernova Elite, ya mwenye pointi milioni 1 (zinazotokana na reki) ndani ya mwaka mmoja. Watu walikesha mwaka mzima wa 2015 kuzifikisha wakijua faida watailia 2016. Novemba wakaambiwa zawadi za 2016 zinapunguzwa. Kukawa na mgomo wa siku tatu, tarehe 1 hadi 3 Desemba, watu wakakaa mezani hawachezi. Kampuni haikurudi nyuma. Sasa mtu akikupa ngazi ya mwezi, chukua ya mwezi huu, ya mwezi ujao usiipigie hesabu.

Uru wa Kigamboni

Mimi ni wa mashindano, huko kwenu kwenye reki sielewi. Sisi ada iko wazi: ukiona dola 11, kumi zinaingia kwenye zawadi, moja ni ya nyumba. Mashindano 40 ni dola 40 za ada. Wakikurudishia 15% ni dola 6. Sana sana angalia yale ya haraka haraka yasichukue ada ile ile kwa dakika kumi za kucheza.

Halafu Garasa, unaweka paundi au dola? Kama akaunti ni ya paundi na meza ni za dola, kuna chenji inayokatwa ukiingia na ukitoka. Hiyo haipo kwenye tangazo la mtu yeyote.

Garasa la Leicester

Naweka paundi. Duh. Sijawahi kuiangalia hiyo.

Wakuu, na ile bonasi ya dola 600 je?

Binti Pangani

Haya, hapa ndipo nitamtetea B.

Ile bonasi hupewi mkononi. Inaachiwa vipande vipande kadiri unavyolipa reki: kila dola 4 za reki unaachiwa dola 1, na una siku 90. Ukicheza mikono yako ile ile 22,000 kwa siku hizo utalipa kama dola 231 kule, robo yake ni karibu 58. Kwa hiyo kuweka 600 ni kupeleka pesa ikalale, maana bonasi zaidi ya 58 hutaifikia na siku ya 91 inafutwa. Weka 60 basi, bonasi yako iwe 60.

Lakini angalia kinachotokea ndani ya hizo siku 90. Una 20% ya ngazi na 25% ya bonasi. 10.5 ukitoa 45% inabaki kama 5.8. Kwa miezi hiyo mitatu B ni rahisi kuliko A yenye 7. Bonasi ikiisha unarudi 8.4. Mimi ningeichukua na kuondoka siku ileile.

Tahadhari moja. Mwaka juzi nilikuwa nafukuza bonasi ya namna hii kwenye tovuti nyingine, zikabaki siku nne nikiwa na dola 15 hazijaachiwa. Nikafungua meza sita kwa mpigo, mimi wa meza mbili. Nilizipata zile 15. Nilipoteza 140.

Shupaza Tupu

Hahaha dada pole. Mimi yangu sitaji.

Mwalimu Namba

Na kama kuna mtu anasoma hapa tayari anacheza ili arudishe ya jana, Uingereza kuna GamStop. Unajiandikisha mara moja, tovuti zote zenye leseni ya huko zinakufungia miezi 6, mwaka au miaka 5. Ni bure.

Garasa la Leicester

Wakuu nashukuruni sana. Mrejesho.

Nimesoma masharti usiku kucha. A pesa za wateja zimetengwa kwa kiwango cha kati, B ni cha chini. Nimefungua B kwa dola 60, nitacheza Ijumaa na Jumamosi pamoja na walevi wa Shupaza. Najua kwa siku mbili za wiki sitaachiwa bonasi yote, nitachukua itakayoachiwa. A nabaki siku za kazi. Akaunti ya A nimeibadilisha iwe ya dola, nitakuwa nabadilisha pesa mara moja nje kwenye chenji nafuu.

Tatizo limetokea kwingine. Nilikuwa nimeacha kompyuta wazi, mama watoto akaikuta ile hesabu ya Mwalimu, dola 55. Akauliza mikono 22,000 inachukua saa ngapi. Nikamwambia meza mbili ni kama mikono 150 kwa saa. Akatoa simu. Saa 147. Akasema unalipwa senti 37 kwa saa, na ghalani wanatafuta watu wa Jumapili.

Sijamjibu mpaka sasa.

Kijana wa Tandika

Mkuu, muulize kama na yeye anapenda kucheza. Huyo hatalipa reki ya mtu.