Kikundi: Watoto wa Mama na Wajukuu

JUMATATU

Salma 19:12
Tumerudi kliniki na Mama. Kipimo cha INR, kile cha kuona damu inachukua muda gani kuganda, kimetoka 4.6, wakati kwake kinatakiwa kikae kati ya 2 na 3. Damu imekuwa nyepesi kupita kiasi. Daktari kampumzisha wafarini, ile dawa yake ya kuzuia damu kuganda, leo na kesho, Alhamisi tunarudi kupima.

Mjomba Hamisi 19:15
Poleni sana. Kwani dada hanywi dawa zake kwa wakati?

Salma 19:21
Anakunywa Mjomba, hajaruka hata siku moja. Daktari mwenyewe kashangaa. Akamuuliza kama kuna dawa nyingine anatumia, Mama akasema hapana. Sasa hivi natafuta miwani yake kwenye droo, nakuta hizi.

Salma 19:22
[Picha: chupa mbili za vidonge, moja imebaki robo]

Salma 19:23
Moja ni kitunguu saumu, nyingine ginkgo. Na mkononi ana alama ya kuvilia damu upana wa kiganja changu. Hakumbuki alijigonga wapi.

Shangazi Tatu 19:30
Wifi yangu jamani! Ginkgo nilimwambia mimi, kwa ajili ya kusahausahau. Roho inaniuma.

Zainabu 19:41
Shikamooni. Shangazi usijilaumu, ulimtakia mema. Salma, leo asivinywe hivyo vidonge, na kesho asubuhi wapigie kliniki uwaambie, usingoje Alhamisi. Akitoka damu isiyokata, akijigonga kichwa, akipata mkojo mwekundu au choo cheusi, hospitali papo hapo.

Mjomba Hamisi 19:44
Lakini mpwa wangu, hizi si dawa za asili? Majani tu yatamdhuru mtu vipi?

Zainabu 19:58
Mjomba, mimi kazi yangu ni famasi na naamini kama wewe kwamba majani yana nguvu. Artemisinini inayotibu malaria imetoka kwenye mmea, na Tu Youyou aliyeigundua alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Digoksini ya moyo nayo asili yake ni mmea. Basi jani lenye nguvu ya kutibu lina nguvu pia ya kugombana na dawa nyingine mwilini. Ginkgo na vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuchelewesha damu kuganda, na Mama tayari yuko kwenye wafarini, ambayo kazi yake ni hiyohiyo. Kuna mwingine unaitwa St John's wort, watu huunywa kwa ajili ya sonona. Huo hulichochea ini liivunje wafarini upesi, mgonjwa akabaki bila kinga ya damu kuganda huku anakunywa dawa kila siku. Hupunguza nguvu hata za vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za VVU.

Mama 20:10
Nipo nawasoma. Sikumdanganya daktari. Aliniuliza dawa, na hizo mimi sikuzihesabu dawa. Halafu yule daktari wa zamani nilimtajia majani akanicheka mbele ya wanafunzi wake. Tangu siku ile nikafunga mdomo.

Salma 20:11
Pole Mama. Hukuwahi kutuambia.

Mjomba Hamisi 20:13
Ndiyo hayo. Ukisema unachekwa, ukinyamaza unalaumiwa.

Zainabu 20:26
Mama, alikukosea, na alikosea kazi yake pia. Ila damu inayovuja ni yako. Alhamisi usingoje uulizwe. Ukishakaa tu, weka chupa mezani useme: "Daktari, hizi nazitumia pamoja na dawa zako, nataka kujua zipi zinapatana." Mwambie unatumia kiasi gani, tangu lini, na kwa sababu gani. Akikwambia acha, muulize kwa nini, na utumie nini badala yake, maana maumivu ya goti na kusahau havitaondoka kwa kuacha chupa. Asipokuwa na hakika, mwombe amuulize mfamasia. Mtajie hata kukandwa na tiba ya sindano za Kichina (akupancha), kama unakwenda.

JUMATANO

Mama 20:05
Ile dawa ya kuchua goti, yenye harufu kali, nayo niibebe? Hiyo si ya kumeza.

Zainabu 20:07
Kwenye lebo wameandika nini Mama?

Salma 20:09
Herufi ndogo kweli. "Methyl salicylate".

Zainabu 20:12
Ibebeni hiyo kabla ya zote! Ni ndugu yake aspirini, inapenya kwenye ngozi, na ikipakwa kwa wingi huizidishia wafarini nguvu. Unapaka mara ngapi?

Mama 20:14
Asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Goti lote mpaka pajani.

Zainabu 20:15
Leo usipake kabisa, Mama.

ALHAMISI

Mama 13:40
INR imeshuka, 2.7. Daktari kasoma lebo moja moja, kaziandika zote kwenye faili. Ya kuchua na vidonge vyote viwili kasema niache. Goti kanipeleka fiziotherapia, na kusahau atanipima kivyake. Hakunicheka.

Mjomba Hamisi 13:43
Alhamdulillahi.

Shangazi Tatu 13:52
Zainabu mwanangu, mimi nina vidonge vya binzari ya manjano nakunywa pamoja na dawa za presha. Sijamwambia mtu.

Zainabu 13:53
Kliniki yako lini Shangazi?

Shangazi Tatu 13:55
Jumanne. Chupa nimeshaitia kwenye mkoba.