Karani kanicheka mbele ya foleni nzima, ETI NA MIMI NATAKA MAHAKAMA KUU!!!

Jamani nimetoka mahakamani sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule karani mnamjua. Wa dirisha la mwisho, kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika mpaka utoe chai. Nimeomba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi yangu ya kiwanja nikate rufaa. Akanikagua toka kandambili mpaka kofia, akacheka. AKACHEKA! Akamgeukia mwenzake: "Huyu naye anataka Mahakama Kuu!" Foleni nzima ikaangua kicheko, mpaka askari wa getini.

Aliyenihukumu ni hakimu wa daraja la kwanza. Rufaa yake huenda Mahakama Kuu, na sheria ndiyo iliyosema, si hisani ya karani! Someni Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 139. Siku zenyewe ni 30, na jalada amelikalia kama kuku anayeatamia. Halafu anacheka! Mdomo wazi mpaka gego lililozibwa nimeliona. "Huyu naye." Mimi mwenye wajukuu!

BodaWaMpakani: Gego umeliona, nakala je? 😂

Mama Posho: Mzee, pumua. Muda mahakama inaotumia kuandaa nakala hauhesabiwi kwenye hizo 30. Uliandika barua au ulipiga kelele dirishani tu?

Mwanzisha uzi: Barua ipo na muhuri upo. Lakini ALINICHEKA, mama!

Kijana wa Mbale: Shukuru Mungu. Mimi alinihukumu wa daraja la pili, kwa hiyo rufaa inaanzia kwa Hakimu Mkuu. Nikishindwa hapo, Mahakama Kuu mpaka nipewe ruhusa.

Jirani Mwema: Nyinyi angalau mmefika kwa hakimu. Mimi bado niko LC, baraza la kijiji, mwenyekiti anataka hela ya muhuri, hela ya soda, na hela ya kukalia kiti.

BodaWaMpakani: Wezi wenyewe ni wale wa fotokopi nje ya geti. Karatasi inatoka na mstari mweusi juu ya jina lako, na unalipa vilevile.

Mama Posho: Yule wa mwavuli wa njano? Alikula chenji yangu!

Jirani Mwema: Na yangu!!

Mwanzisha uzi: Jamani, mada ni karani. Mbele ya foleni nzima!

Mama Posho: Subiri kidogo mzee. Huyo wa mwavuli kesho anakuwepo?