Wiki Sita Kabla ya Mtihani wa Salha: Gumzo la Kikundi cha Familia

Mama Juma, saa 1:05 usiku
Shikamooni wakubwa, na wadogo habari za jioni. Leo niliitwa shuleni kwa Salha kuhusu matokeo ya mtihani wa utimilifu, ule wa majaribio, na nimerudi na mawazo mengi. Amepata daraja la tatu kwa pointi 24. Mtoto huyu husoma mpaka saa sita usiku, umeme ukikatika huwasha tochi ya simu, na daftari lake la Historia amelipiga mistari ya rangi kila ukurasa. Nimefikiria kumwongezea tuisheni ya pili ya jioni, lakini nimeona kwanza niwaulize, maana zimebaki wiki sita tu kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne mwezi wa Novemba.

Shangazi Mwanaidi, saa 1:11 usiku
Pole, wifi. Mimi hiyo saa sita usiku inanitisha kuliko daraja lenyewe. Alfajiri anaamka kukusaidia kuchoma vitumbua, kisha anakwenda shule kwa miguu, halafu unataka umwongezee tuisheni nyingine. Sasa huyo mtoto atalala saa ngapi?

Babu Mwalimu, saa 1:20 usiku
Marahaba, mwanangu. Kabla hamjatoa fedha ya tuisheni, naomba unipigie picha za karatasi alizojibia Salha, kwa sababu karatasi ya alama inanionyesha alipoangukia tu, nami nataka kuona alipojikwaa.

Mama Juma, saa 1:42 usiku
Nimetuma picha tisa, Baba: Historia, Hisabati na Baiolojia ya vitendo. Naomba radhi kwa kivuli cha kichwa changu.

Babu Mwalimu, saa 2:25 usiku
Nimezisoma zote, pamoja na kivuli. Nianze na Historia, kwa kuwa ndilo somo nililolifundisha na kulisahihisha. Karatasi ina alama 100 kwa saa tatu: sehemu A alama 16, sehemu B alama 54, na sehemu C, ambayo ni ya insha, alama 30, ambapo mtahiniwa huchagua maswali mawili kati ya matatu na kila moja lina alama 15. Salha ameandika insha moja nzuri sana kuhusu sababu za Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, ikiwa na utangulizi, hoja sita zilizofafanuliwa vizuri na hitimisho. Insha ya pili ina mistari minne, na mstari wa mwisho umekatikia katikati ya neno. Historia anaijua, ila muda umemwishia mkononi, na muda huo aliupoteza sehemu B. Kuna swali limetumia neno "outline", yaani ataje hoja kwa ufupi, sentensi moja au mbili kila hoja, naye amelijaza ukurasa mmoja na nusu kana kwamba ameambiwa "explain", yaani afafanue.

Babu Mwalimu, saa 2:33 usiku
Upande wa Hisabati, swali lilimtaka atatue mlinganyo x² − 6x + 8 = 0 kwa kukamilisha mraba. Ameandika x = 2 au x = 4, basi. Majibu ni sahihi kabisa, nadhani aliyapata kichwani, lakini maelekezo ya karatasi yanasema wazi kwamba kazi yote ionyeshwe, na msahihishaji hutoa alama kwa hatua. Ilitosha aandike x² − 6x = −8, aongeze 9 pande zote mbili apate (x − 3)² = 1, kisha aendelee. Ni mistari minne au mitano, na kwa kuiruka ameacha alama mezani huku jibu analo.

Juma, saa 2:40 usiku
Shikamoo Babu, shikamooni nyote. Mimi nimetazama Baiolojia ya vitendo. Jedwali lina safu za chakula kinachopimwa, utaratibu, kilichoonekana na hitimisho. Kwenye safu ya kilichoonekana, Salha ameandika kwamba wanga upo. Wanga hauonekani pale. Kinachoonekana ni iodini kubadilika kutoka rangi ya kahawia kuwa bluu iliyokolea mpaka kuwa karibu nyeusi, na safu ya mwisho ndiyo itakayosema kwamba wanga upo. Hata mimi nilifanya kosa hilohilo, mwalimu akaniuliza mbele ya darasa kama nimezaliwa na darubini machoni.

Baba Juma, saa 2:51 usiku
Shikamoo Baba Mdogo. Nimeegesha lori Chalinze, ndiyo kwanza ninasoma. Kwenye kikundi chetu cha madereva kuna mtu anauza pepa za Novemba kwa shilingi 50,000 na anaapa kwamba ni zenyewe. Sina nia ya kununua, ila ninauliza, hawa watu huwa nazo kweli?

Babu Mwalimu, saa 2:58 usiku
Marahaba. Ufute ujumbe huo, na wala usimtumie mtu mwingine. Mara nyingi muuzaji huokota maswali ya pepa za zamani, na moja likigongana na la mwaka huu hujisifu. Akiwa nazo kweli, hapo ndipo pabaya zaidi, kwa sababu Baraza la Mitihani hufuta matokeo ya mtahiniwa aliyethibitika kufanya udanganyifu, na miaka minne ya madaftari na sare za shule inakwenda na maji. Pepa zilizopita na miundo ya mitihani vinapatikana kwenye tovuti ya Baraza, tena pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo huonyesha swali kwa swali sampuli ya jibu zuri na ya jibu baya. Taarifa hizo ni hazina, na inanisikitisha kwamba wazazi wengi hawajui kama zipo.

Juma, saa 3:02 usiku
Nitapakua za masomo hayo matatu kesho na kuzituma kwa rafiki yangu mwenye steshenari pale Muheza ili Mama azichukue zikiwa zimechapwa.

Mama Juma, saa 3:06 usiku
Asante, mwanangu. Sasa Baba, tuisheni ya pili niiache?

Babu Mwalimu, saa 3:19 usiku
Iache. Nimepiga hesabu hivi: Salha anafanya masomo saba tu, na yote saba yanahesabiwa. Historia amepata 41, ambayo ni D, na C inaanzia 45. Baiolojia amepata 42. Hisabati amepata 28, na D inaanzia 30. Kila moja ya masomo hayo matatu likipanda gredi moja, pointi inapungua moja, na kwa kuwa pointi chache ndizo bora, 24 zikiwa 21 ameingia daraja la pili. Alama hizo chache zimo katika insha isiyokwisha, katika hatua zilizorukwa na katika ile safu ya jedwali.

Kwa hiyo kila Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi, akae mezani na pepa moja ambayo hajawahi kuiona, saa ya ukutani mbele yake na simu zote chumba kingine. Awe na kalamu mbili za wino wa bluu au mweusi, penseli kwa michoro tu, na azoee kuandika namba ya mtihani katika kila ukurasa wa kijitabu cha kujibia. Kwa Historia, dakika 20 ziwe za sehemu A, 90 za sehemu B, 60 za insha na 10 za kupitia. Dakika ya 110 ikifika na sehemu B haijaisha, aache nafasi wazi avuke kwenda kwenye insha, atarudi baadaye. Najua itamuuma kuacha swali analolijua, na ndiyo maana ninataka aumie sasa, nyumbani.

Siku za kawaida aziweke kando zile kalamu za rangi. Asome mada moja, afunge daftari, aandike kwenye karatasi tupu kila anachokumbuka, kisha alifungue aone alichosahau. Mada hiyohiyo airudie baada ya siku mbili, halafu baada ya wiki. Saa nne usiku taa izimwe.

Juma, saa 3:27 usiku
Babu, kuna jambo la lugha pia. Salha ukimuuliza kwa Kiswahili tofauti ya mshipa wa ateri na wa vena, anakueleza mpaka unachoka. Swali likija kwa Kiingereza, anaanza kuogopa neno la kwanza. Kila jioni nitamtumia maneno mawili ya maelekezo pamoja na swali moja la kulijibu kwa sentensi zake mwenyewe.

Shangazi Mwanaidi, saa 3:34 usiku
Naandika kwa niaba ya Bibi, ambaye yuko hapa kwangu na ameniamuru nisibadilishe neno. Anasema: "Wiki hizo sita nitarudi Muheza na vitumbua nitachoma mimi. Mtoto wa mtihani asiamshwe alfajiri."

Mama Juma, saa 3:36 usiku
Mama, na hayo magoti yako?

Shangazi Mwanaidi, saa 3:37 usiku
Anasema vitumbua havichomwi kwa magoti.

Mama Juma, saa 3:48 usiku
Shikamooni nyote, huyu ni Salha, ninatumia simu ya Mama. Nimesoma yote kuanzia juu, hata yale ya darubini. Insha ya pili nilikuwa ninaijua, Babu, lakini msimamizi aliposema zimebaki dakika tano mkono ulianza kutetemeka na sikuweza kuandika tena. Nitaanza Jumamosi hii. Nina ombi moja tu: Babu anisahihishie kama anavyowasahihishia wengine, bila huruma, lakini alama zisiwekwe humu kikundini.

Babu Mwalimu, saa 3:53 usiku
Marahaba, mjukuu wangu. Alama zitakuwa kati yako na mimi. Mkono nao utaacha kutetemeka ukishaisikia hiyo "dakika tano" mara sita. Mama yako ataitamka kila Jumamosi, tena kwa sauti ya ukali.

Mama Juma, Jumamosi, saa 5:04 asubuhi
Amemaliza, Baba. Nimeitamka kwa ukali mpaka jirani akachungulia. Swali la sita la sehemu B ameliacha wazi na hakupata muda wa kulirudia, ila insha zote mbili zimefika kwenye hitimisho. Sasa hivi amelala.

Babu Mwalimu, Jumamosi, saa 5:09 asubuhi
Mwache alale. Nipigie picha, na safari hii toka nje kwenye mwanga.